Ben Kingsley na Sanaa ya Kukaa Kitako

Mwaka 2019, katika msimu wa kuuza pamba, nilikuwa likizoni kwetu Migato, mahali ambapo zamani palihesabiwa katika wilaya ya Bariadi na sasa pamo katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Nilikuwa nimewaahidi vijana wa ukoo wetu kuwaonyesha sinema. Basi usiku mmoja tulitundika shuka jeupe ukutani mwa ghala, tukawasha jenereta, na kwa muda wa saa tatu na zaidi tukaitazama "Gandhi", sinema aliyoiongoza Richard Attenborough na ambayo ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1982. Mimi nilikuwa nikiyafasiri maneno kwa Kisukuma kadiri nilivyoweza. Vijana wengi walisinzia kabla ya nusu, wala sikuwalaumu. Lakini baba yangu mdogo, ambaye katika ujana wake alikuwa mchezaji wa wigashe, alikesha hata mwisho. Picha ilipokwisha hakuuliza habari za Bara Hindi wala za Waingereza. Alisema, "Mtu huyu anajua kukaa."

Nilidhani ni mzaha wa mtu aliyechoka. Baadaye nilifahamu ya kuwa alikuwa ametoa hukumu ya fundi juu ya fundi mwenziwe, na makala haya yamezaliwa na hukumu ile.

Yampasa msomaji asiyeijua Usukuma aelezwe jambo moja. Ngoma zetu zinazojulikana mno nje ni zile za mashindano baina ya Bagika na Bagalu, ambazo huchezwa siku moja mahali pamoja, na mshindi ni yule aliyeuvuta umati mkubwa zaidi upande wake. Katika ngoma hizo mchezaji hutafuta kila hila ya kumshangaza mtazamaji: ataruka, atapiga mieleka hewani, huenda hata akaja na nyoka. Lakini iko ngoma nyingine, wigashe, na jina lake latokana na neno lenye maana ya kukaa. Wachezaji wake huketi kitako wakaimba, na kucheza kwao kumo katika mabega, shingo, mikono na macho. Miguu imetulia. Aliyezoea kuitazama wigashe hujifunza kuona mambo madogo, kwa sababu makubwa hayapo.

Sifa anayopewa Ben Kingsley mara nyingi ni ya kubadilika. Wamsifuo husema ya kuwa aweza kuwa Mhindi, Myahudi, Mwajemi au mhalifu wa London, na kila mara asitambulike. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini nathubutu kusema ya kuwa siyo iliyo msingi wa kazi yake. Mavazi hubadilika, lafudhi hubadilika, hata nywele huja na kuondoka. Kisichobadilika ni ule ufundi wa kukaa, yaani uwezo wa kuuzuia mwili mpaka mtazamaji aanze kuuogopa, kuuhurumia au kuuheshimu kabla haujatenda lolote.

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1943 katika kijiji cha Snainton, jimbo la Yorkshire, naye akaitwa Krishna Bhanji. Mama yake alikuwa Mwingereza aliyepata kuwa mchezaji wa sinema. Baba yake, Rahimtulla Harji Bhanji, alikuwa daktari, Khoja mwenye asili ya Gujarat. Na hapa ndipo habari yake inapofika pwani yetu, kwani babu yake alihama Gujarat akaja Unguja kufanya biashara ya viungo, na baba yake aliishi Unguja mpaka alipokuwa na umri wa miaka 14, ndipo akaenda Uingereza. Yasimuliwa ya kuwa babu huyo alistawi sana kwa karafuu hata akapewa jina la utani la King Clove, maana yake Mfalme wa Karafuu. Mjukuu alipotaka jina la jukwaani alilichukua hilo la utani akalichonga, likawa Kingsley. Jina ambalo masikio ya watu hulipokea kuwa la Kiingereza kabisa, likichimbuliwa, latoa harufu ya mashamba ya Unguja na Pemba.

Mwenyewe amesimulia kwa nini alibadili jina. Alikwenda kujaribiwa kwa jina la Krishna Bhanji, akasifiwa kwa uigizaji wake, kisha akaambiwa ya kuwa hawakujua wamweke wapi katika michezo yao ya msimu ule. Alipokuja na jina jipya akaulizwa aweza kuanza kazi lini. Sauti ilikuwa ileile na mwili uleule.

Nami nalijua jambo hili kwa kiasi changu kidogo. Nilipokuwa kijana nilikwenda kujaribiwa katika kikundi kimoja cha michezo ya redio mjini. Waliisifu sauti yangu, wakaniuliza natoka wapi, na nilipowajibu walitazamana. Wakasema mchezo wao haukuwa na mtu wa namna yangu, isipokuwa mlinzi wa usiku, naye alikuwa na maneno manne. Sikubadili jina, nilibadili kazi. Nalieleza hili si kwa kulalamika, bali msomaji ajue ya kuwa nikimsema Kingsley juu ya jina lake sisemi kama mtu asiyeonja mlango wa namna ile.

Wanafunzi wangu, wakiisha kusikia habari ya karafuu, hupenda kudai ya kuwa Kingsley ni wetu. Naona madai hayo ni mepesi mno. Karafuu iliyompa mtu mmoja jina la ufalme ilipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa katika sehemu kubwa ya karne ya kumi na tisa, mpaka amri ya mwaka 1897 ilipoiondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja. Na wachumaji waliokuja baadaye hawakuitwa wafalme hata kwa utani. Isitoshe, biashara hiyo ilikuwa na ugomvi wake. Mwaka 1937 serikali ya Unguja ilitoa amri ya kukipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka juu ya ununuzi na usafirishaji wake. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wanafukuzwa sokoni, na chama cha Congress huko Bara Hindi, ambacho Gandhi alikuwa amepata kukiongoza, kikatangaza mgomo wa kutonunua karafuu za Unguja mpaka mapatano yalipofanywa mwaka 1938. Kwa hiyo mjukuu wa Mfalme wa Karafuu alipokuja kumwigiza Gandhi, habari za babu yake na za Gandhi zilikuwa zimekwisha kukutana katika soko la karafuu. Sinema haiyajui hayo, wala haikulazimika kuyajua. Lakini mhakiki wa Afrika ya Mashariki asiyeyajua atamdai Kingsley kwa damu tu, na damu ni hoja dhaifu katika uhakiki. Tukitaka kumdai, na tumdai kwa kumtazama vema kuliko walivyomtazama wengine.

Kazi yake ya jukwaani nitaipita upesi, kwani mchezo wa jukwaani hufa na usiku wake, na mhakiki aliye mbali hubaki na majina na tarehe. Alijiunga na Royal Shakespeare Company mwaka 1967. Mwaka 1970 alikuwa Demetrius katika "A Midsummer Night's Dream" iliyoongozwa na Peter Brook, mchezo ulioondoa misitu yote jukwaani ukaweka kisanduku cheupe, bembea, na wachezaji warukao kama wanasarakasi. Mwaka 1975 alikuwa Hamlet chini ya uongozi wa Buzz Goodbody, katika jumba dogo la The Other Place mjini Stratford, ambalo wakati ule lilikuwa banda la mabati tu. Mwaka 1980 alikuwa Squeers, yule mwalimu dhalimu wa "Nicholas Nickleby", na mwaka 1985 akawa Othello. Kati ya hayo yote banda lile la mabati ndilo linalonivuta. Msomaji aliyepata kutazama picha katika banda la video anajua jinsi mahali padogo panavyomlazimisha mtu kupunguza. Katika jumba kubwa mchezaji hupaza sauti ili wa nyuma wasikie. Katika banda, wa nyuma yu karibu, na mkono ukiinuliwa bila sababu huonekana uongo. Sina shaka ya kuwa mchezaji tunayemwona katika sinema miaka saba baadaye alipitia shule ile ya mabati.

Sasa tuje kwenye "Gandhi". Picha hii yajulikana kwa ukubwa wake. Mazishi yanayoifungua yalipigwa picha pamoja na umati wa watu zaidi ya 300,000, nayo ilipata Oscar nane mwaka 1983, mojawapo ikiwa ya Kingsley mwenyewe. Kwa lugha ya kwetu, hiyo ni ngoma iliyouvuta umati wote upande wake. Lakini ukitaka kuona uigizaji wenyewe yakupasa uuache umati, utazame mambo matatu madogo.

La kwanza ni lile la kuchoma vipande vya pasi huko Afrika ya Kusini. Gandhi angali kijana, amevaa suti. Askari ampiga rungu, aanguka. Na akiwa chini mkono wake watafuta kipande kingine na kukipeleka motoni. Apigwa tena. Mkono watetemeka, wanyanyuka, wakitupa kipande, walala. Mchezaji mwingine angetuonyesha ushujaa usoni. Kingsley auweka ushujaa wote katika vidole, na uso auachia maumivu na woga, kana kwamba uso haujaafikiana na mkono. Hapo twafahamu ya kuwa mtu huyu haogopi kidogo kuliko sisi.

La pili ni ugomvi wake na mkewe, Kasturba, ambaye ameigizwa kwa ustadi mkubwa na Rohini Hattangadi. Mke akataa zamu ya kusafisha choo. Mume amshika amsukume nje. Kisha asimama. Katika kusimama kule hakuna neno, ila mabega yashuka kama mzigo uliokatwa kamba. Aibu imefika mwilini kabla ya kufika ulimini. Sinema nyingi juu ya watu wakuu huogopa kuonyesha mkuu akiwa mdogo, na hii ilithubutu walau kwa dakika hizo.

La tatu ni lile la Calcutta, Gandhi akiwa amefunga kula ili mauaji kati ya Wahindu na Waislamu yakome. Mtu aliyepagawa kwa huzuni, ambaye ndiye Om Puri katika onyesho lake moja lisilosahaulika, amtupia kipande cha mkate na kumwambia ale, kwani yeye amemwua mtoto wa Kiislamu na jehanamu ni yake tayari. Gandhi amelala, hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Kwa sauti ya mtu anayehesabu pumzi zake amwambia iko njia: atafute yatima, mtoto wa Kiislamu, amlee, naye amlee katika Uislamu. Kingsley hainuki, hanyoshi mkono, hatoi chozi. Uzito wote wa maneno yale wakaa juu ya kitanda pamoja naye. Baba yangu mdogo alikuwa amekaa kimya tangu mwanzo. Hapa ndipo nilipomsikia akivuta pumzi.

Lakini haifai kuisifu picha hii bila kusema upungufu wake kwa msomaji wa Kiafrika. Gandhi aliishi Afrika ya Kusini kutoka mwaka 1893 mpaka 1914, tukitoa safari zake. Katika sehemu hiyo ya sinema Waafrika ni kama mandhari tu: wapo, lakini hawana habari yao wenyewe, na picha haisemi neno juu ya maandishi ya ujanani ya Gandhi yaliyowadharau. Hayo ndiyo yaliyowafanya walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ghana kudai sanamu yake iondolewe, nayo ikaondolewa mwaka 2018. Hata safari yake ya kwanza haimo. Gandhi mwenyewe ameandika ya kuwa akienda Natal mwaka 1893 alipita Lamu na Mombasa, na Unguja akangoja kwa siku nane au kumi kabla ya kupanda meli nyingine. Sinema yatoka mazishini ikaruka moja kwa moja mpaka katika behewa la gari moshi la Afrika ya Kusini. Kosa hili si la Kingsley, kwani mchezaji hacheki wala halii ila katika maneno aliyopewa. Hata hivyo utulivu wake waisaidia picha kuficha. Mtu anayekaa kwa heshima namna ile hatudhani ana jambo la kuulizwa. Hii ni hatari ya ufundi wake, nami sijaona ikielezwa vya kutosha.

Baada ya Oscar ile angeweza kuwa mtakatifu wa sinema kwa maisha yake yote. Hakukubali, na hilo lamtukuza. Mwaka 1993, katika "Schindler's List" ya Steven Spielberg, alikuwa Itzhak Stern, mhasibu Myahudi katika kiwanda cha Schindler. Stern hufanya kazi zake nyingi akiwa mezani. Mwajiri wake ampa kinywaji mara kwa mara, naye akikataa kwa adabu. Na siku anapokikubali, akiwa na machozi machoni, twajua ya kuwa amekata tamaa ya kuishi. Glasi moja imefanya kazi ya hotuba nzima.

Kisha ikaja "Sexy Beast" ya Jonathan Glazer, mwaka 2000, nayo ni kinyume cha "Gandhi" katika kila jambo isipokuwa moja. Kingsley ni Don Logan, mhalifu aliyekuja Hispania kumlazimisha mwizi aliyestaafu arudi kazini. Matusi yake hayatafsiriki kwa Kiswahili cha jarida hili, na pengine si hasara. Lakini tazama jinsi anavyoketi katika nyumba ya watu: mgongo umenyooka kama ubao, kichwa hakigeuki, macho hayapepesi. Wenyeji wake wamejaa chumbani, na hapana anayethubutu kuhama mahali pake. Utulivu uleule ambao kwa Gandhi ulikuwa rehema, hapa umekuwa kisu kilichowekwa mezani. Anayesema ya kuwa Kingsley amebadilika kabisa hakutazama vema. Amekibadilisha kisu upande wa makali.

Kazi ninayoipenda kuliko zote, hata kuliko "Gandhi", ni "House of Sand and Fog" ya mwaka 2003. Humo yeye ni Behrani, aliyekuwa kanali wa Shah wa Iran na sasa ni mkimbizi huko California. Mchana hufanya kazi ya barabara katika vumbi. Jioni huingia chooni katika hoteli, akajisafisha, akavaa suti, kisha akarudi nyumbani kama bwana mkubwa, majirani wasijue. Katika picha ile ya kunawa na kufunga tai hakuna majonzi wala kujionea huruma, ila utaratibu tu, kama wa mtu anayetawadha. Mtu anayebadili nguo ili aruhusiwe kuwa yule aliye: hapo sikuweza kutomkumbuka yule kijana wa Lancashire aliyerudi mlangoni na jina jipya. Sisemi ya kuwa Kingsley aliigiza maisha yake. Nasema ya kuwa baadhi ya mambo mwili huyajua hata mwenyewe asipoyataja.

Katika miaka ya baadaye, baada ya kupewa cheo cha Sir mwaka 2002, alicheza katika sinema nyingi ambazo hazikumstahili. "Thunderbirds" na "Prince of Persia" hazina haja ya kuhakikiwa hapa. Mtu naye ana watoto wa kulisha. Hata hivyo katikati ya sinema hizo za fedha nyingi likatokea jambo la ajabu. Katika "Iron Man 3" ya mwaka 2013 twaonyeshwa gaidi wa kutisha, mwenye ndevu na majoho ya nchi zisizojulikana, akiitishia Marekani kwa sauti nzito. Nusu ya picha ikiisha kupita yafunuliwa ya kuwa gaidi huyo hayupo. Ni mchezaji Mwingereza wa jukwaani, mlevi, aitwaye Trevor Slattery, aliyekodishwa aigize sura ya mgeni anayeogopwa na dunia. Watu wengi waliopenda hadithi za asili ya picha ile walikasirika. Mimi nilicheka, kisha nikanyamaza. Nani mwingine angeweza kuicheza sehemu hiyo kwa haki yake yote? Mtu mwenye jina la kigeni aliyevaa jina la Kiingereza ili apate kazi, sasa amwigiza Mwingereza aliyevaa jina la kigeni ili apate kazi. Na angalia anavyokaa Trevor baada ya kufunuliwa: ameporomoka kitini, tumbo mbele, miguu popote. Katika miaka yote hiyo ni mara chache sana Kingsley amekaa vibaya, na hapa amekaa vibaya kwa makusudi, ili tujue ya kuwa yule aliyetangulia alikuwa bandia.

Nimalize habari ya Migato. Likizo iliyofuata nilimwonyesha baba yangu mdogo vipande vichache vya "Sexy Beast" katika kompyuta, bila kumwambia mchezaji ni nani. Lugha hakuijua, na kwa ajili ya adabu nilishukuru. Don Logan alipokuwa akitembea uwanjani mwa ndege, mzee alitazama kama mtu atazamaye mgeni yeyote. Upara, ndevu fupi, shati jeupe, hakuna alilolikumbuka. Kisha Logan akaketi kwenye kiti jikoni mwa wenyeji wake, akaweka mikono. Mzee akaisogelea kompyuta.

"Ndiye yule wa mwaka jana," akasema. "Wamemkosea nini?"

Nikataka kuisimamisha picha nimweleze habari ya Unguja, ya karafuu na ya majina yake mawili. Akanishika mkono akaniambia niache iendelee.